Sufuria Mia Moja Themanini na Saba za Bi Waginah

Jumanne, tarehe nne Machi, mwaka wa kumi na tisa wa Uongozi Usiochoka. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba ya kuudhi, isiyotosha kujaza pipa wala kumwacha mtu atoke bila kulowa. Redio ya Taifa ilitangaza jua kali. Karani Eliakimu Nzowa, raia mtiifu, alitoka nyumbani bila mwavuli na kufika ofisini maji yakimchuruzika hadi ndani ya soksi. Wenzake nao walikuwa wamelowa vilevile. Hakuna aliyelalamika, kwa maana katika nchi ile utabiri wa hali ya hewa husainiwa na Waziri.

Jina la nchi yenyewe halitatajwa hapa. Si kwa hofu, hasha. Ni kwamba wenyewe hulibadilisha kila baada ya uchaguzi, na msomaji asije akapotea.

Eliakimu alifanya kazi katika Ofisi Kuu ya Ulinganisho wa Asili za Wananchi. Ofisi hiyo ilikuwa na ghorofa nne, wafanyakazi mia moja na kumi na wawili, na choo kimoja ambacho ufunguo wake aliuweka Mkurugenzi Mkuu mfukoni mwa koti. Umri wa Eliakimu ulikuwa miaka arobaini na sita. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na labda ndiyo sababu aliyaheshimu maandishi kuliko wenzake waliosomeshwa utotoni. Kwake yeye, neno lililoandikwa kwa wino lilikuwa limetamkwa mbele za Mungu. Kabla ya kujaza fomu yoyote alifumba macho akaomba.

"Eliakimu, unaiombea fomu?" wenzake walimtania. "Uombee basi na mshahara."

"Mshahara una pepo la aina nyingine," alijibu. "Huo mpaka kufunga."

Asubuhi hiyo waliitwa ukumbini. Jukwaani alisimama Mkurugenzi Mkuu, Profesa Daktari Mhandisi Leonidasi Mbarango, mkavu kabisa, kwa kuwa gari lake liliingizwa hadi mlangoni.

"Wadau," alianza, "itifaki imezingatiwa."

Wadau walikuwa makarani watatu waliokuwa wakitetemeka kwa baridi.

"Nimerudi kutoka ng'ambo. Nimehudhuria kongamano la siku tisa." Aliinua begi la kitambaa lenye nembo ya kongamano, wote walione. "Huko wataalamu wameuliza swali zito. Wameuliza: jamii mbili za wahamiaji zikifika nchi moja, kwa nini moja hufanikiwa na nyingine hubaki nyuma? Nikajiuliza mwenyewe, na sisi je? Sisi hatuna wahamiaji wa kulinganisha? Nikaona aibu. Halafu nikakumbuka tunao."

Alikuwa sahihi. Miaka mia moja na ishirini iliyopita, katika mwaka mmoja, meli mbili zilitia nanga katika bandari ya nchi ile. Ya kwanza ilileta Waingereza, waje kujenga reli. Ya pili ilileta Waindonesia kutoka Java, waje kulima miwa. Reli ikajengwa kutoka bandarini hadi kwenye mlima ambako hakuna mtu aliyekuwa akiishi, na baada ya muda ikang'olewa, vyuma vikauzwa na waziri mmoja ambaye barabara kuu sasa ina jina lake. Miwa nayo ikakauka baada ya waziri mwingine kuuza mto. Waliobaki ni watu. Wazao wa Waingereza wakakaa Mtaa wa Stesheni, kusini mwa barabara. Wazao wa Waindonesia wakakaa Mtaa wa Miwa, kaskazini. Walikopeshana chumvi, wakazikana, na kwa miaka mia moja na ishirini hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani kafanikiwa kuliko mwenzake.

"Tutawapima," alisema Mkurugenzi Mkuu. "Na tutawapima kwa nini? Fedha watu huficha. Mashamba hayana hati. Elimu, vyeti vinaghushiwa, hilo nalijua vizuri mno." Hapo alikohoa. "Lakini sufuria haidanganyi. Mwenye maendeleo anapika. Asiye na maendeleo hapiki. Kipimo hiki nimekibuni mwenyewe ndani ya ndege."

Kanuni zikasomwa. Sufuria itahesabiwa pale itakapokutwa. Itaandikwa kwa wino. Kilichoandikwa hakifutwi. Na kwa kuwa mtambo wa kuchapa ulikuwa na nafasi wiki iliyotangulia, hitimisho la utafiti lilikwisha kuchapwa, nakala elfu tano, karatasi ya kung'aa. Lilisomeka hivi: "Wazao wa ______ wamefanikiwa kwa sababu ya bidii yao, na wazao wa ______ wamebaki nyuma kwa sababu ya tabia zao." Kilichobaki kwa makarani ni kujaza nafasi.

"Eliakimu," alisema Mkurugenzi Mkuu, "mitaa yote miwili ni yako. Nasikia wewe ni mcha Mungu. Nataka takwimu za mcha Mungu."

Eliakimu aliinamisha kichwa. Moyoni alifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kutumwa peke yake.

*

Mzee Herbati Lokwudi wa Mtaa wa Stesheni alimpokea mlangoni akiwa amevaa tai. Baba wa babu yake alikuwa mkuu wa stesheni, na kofia yake ilitundikwa ukutani chini ya kioo, ikiwa na ukungu.

"Karibu, bwana karani. Hali ya hewa nzuri leo."

Tone kubwa lilianguka kutoka darini, likatua kwenye bega la mzee. Mengine yalikuwa yakiangukia ndoo tatu zilizopangwa sebuleni.

"Mzee wangu, panavuja," alisema Eliakimu.

"Hapavuji," alijibu Mzee Herbati kwa upole. "Panapenya kidogo."

Wazao wa Waingereza walikuwa na desturi moja waliyoitunza kuliko lugha yao, ambayo walikwisha kuisahau. Hawakukiri kupungukiwa. Mtu alikufa kwa njaa akisema ameshiba, asante. Kila nyumba ilikuwa na sebule ya mbele iliyofungwa mwaka mzima na kufunguliwa kwa misiba na kwa wageni wa serikali. Katika sebule ya Mzee Herbati, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, zilipangwa sufuria sita nyeupe zenye mdomo wa buluu, kubwa hadi ndogo. Eliakimu alifumba macho, akaomba, akaandika: sita.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bi Mildredi, dada wa mzee. Sufuria sita nyeupe, mdomo wa buluu. Nyumba ya tatu, sita. Katika nyumba ya nne Eliakimu aliona kwamba mkono wa ile kubwa umefungwa waya, kama ulivyofungwa katika nyumba zote tatu zilizopita. Katika nyumba ya tano sufuria zilikuwa zimelowa mvua. Katika nyumba ya saba hazikuwapo. Mwenye nyumba alimkalisha kitini akamsimulia hali ya hewa ya jana, ya leo na ya kesho, mpaka mlango wa nyuma ulipogongwa na mtu akasikika akihema.

"Ah," alisema mwenye nyumba. "Zimekauka."

Dirishani Eliakimu alimwona Bi Mildredi, mwanamke wa miaka sabini, akipenya kwenye ua wa michongoma kurudi kwake, nywele zimeshikwa na majani. Akamfuata.

"Mama, niambie kweli. Zile sufuria ni za nani?"

"Za familia."

"Familia ipi?"

"Familia yetu ni kubwa," alisema Bi Mildredi, akachomoa mwiba kwenye mkono wa gauni.

Nyuma yake, juu ya jiko lisilo na moto, palikuwa na kikapu cha wali wa manjano kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Aliona Eliakimu anakitazama, akasogea kukikinga.

"Ni majirani zetu wa Mtaa wa Miwa. Wakipika jambo lao lazima walete, hata kwa siku tatu mfululizo. Hatuhitaji, unaelewa. Tunapokea ili wasijisikie vibaya."

Ukweli, ambao kila mtu pale aliujua, ni kwamba Mtaa mzima wa Stesheni ulikuwa umebakiwa na sufuria sita. Nyingine ziliuzwa moja moja, kimyakimya, zikitolewa kwa mlango wa nyuma. Lakini kanuni ilisema sufuria ihesabiwe pale ilipokutwa, na kweli alizikuta. Nyumba kumi na moja, sita kila moja. Eliakimu aliandika sitini na sita. Njiani aliomba tena, na safari hii maombi hayakupanda vizuri.

*

Jumatano mvua ilikatika. Redio ilitangaza mvua.

Katika nyumba ya kwanza ya Mtaa wa Miwa alimkuta Bi Tuminem, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mitaa mitatu, akijifunga kanga tayari kutoka.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kuhesabu sufuria."

"Marahaba. Kuhesabu nini?"

"Sufuria."

"Makubwa. Serikali imeishiwa za kupikia?"

"Ni utafiti, mama. Una ngapi?"

"Tano, na moja ya uji. Lakini ziko kwa Waginah."

"Nahesabu zilizomo humu."

"Humu hamna, si nimekwambia? Tazama uvunguni kama unadhani nazilalia."

Aliandika sifuri. Nyumba ya pili sifuri. Nyumba ya kumi sifuri. Nyumba arobaini alizipita, jiko moja baada ya jingine, na majiko yote yalikuwa matupu. Katika nyumba ya mwisho, ya arobaini na moja, alisikia vicheko na kelele za mwiko kabla hajafika.

Bi Waginah, mjane wa fundi Sarjiman, alikuwa akifanya khitima ya siku elfu. Watu wa mtaa ule walimkumbuka marehemu wao siku ya tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, na ya elfu. Ya elfu ndiyo ya mwisho, roho yake ikiagwa moja kwa moja, na ndiyo kubwa. Siku hiyo hakuna anayepika kwake. Kila mwanamke huchukua sufuria zake zote, na miiko yake, na mdomo wake, akaenda kupika kwa mfiwa. Jioni wanaume husoma, watu hula, na chakula hugawiwa nyumba kwa nyumba hadi ng'ambo ya barabara. Sufuria hurudi kwao baadaye, na haijapata kutokea moja ikapotea.

"Karibu, mwanangu," Bi Waginah alisema, akijifuta mikono. Alikuwa mwembamba, wa miaka sitini hivi. "Umekula?"

"Niko kazini, mama."

"Kwani kazini hakuliwi?"

Wanawake wakacheka. Eliakimu akaanza kuhesabu. Nyingine zilikuwa mekoni, nyingine juu ya jamvi, nyingine barazani zikisubiri. Alihesabu mara mbili. Mia moja themanini na saba.

"Mama, hizi zote ni zako?"

"Zangu tatu. Zilizobaki za watu."

"Fomu haina mahali pa za watu."

"Basi andika tatu."

"Kanuni inasema niandike nilizozikuta."

Bi Waginah alimtazama. "Unamwogopa nani, baba?"

Bi Tuminem, aliyekuwa amekwisha kufika na mwiko wake, alijibu kwa niaba ya Eliakimu. "Anaogopa karatasi. Mwache. Wengine wanaogopa nyoka."

"Andika wanavyotaka," alisema Bi Waginah. "Sisi tuna wali wa kuangalia."

Aliandika.

*

Saa tisa alasiri Mkurugenzi Mkuu aliipokea fomu. Alisoma safu ya Waingereza akatabasamu.

"Sita, sita, sita, sita. Unaona, Eliakimu? Huu ndio usawa. Hakuna anayemzidi mwenzake hata mfuniko mmoja. Ulaya yenyewe haijafika hapo."

Halafu alisoma safu ya pili, na tabasamu likapanuka zaidi.

"Nyumba arobaini hazina hata sufuria moja! Na huyu mwanamke peke yake anazo mia moja themanini na saba!"

"Mheshimiwa, walikuwa na khitima..."

"Kumbe umaskini wao una mwenyewe! Jamii nzima inalala njaa kwa sababu ya Mlimbikizaji mmoja!"

Aliifungua Sheria ya Walimbikizaji, ambayo alikuwa ameipitia asubuhi. Mtu yeyote anayeshikilia zaidi ya nusu ya mali ya jamii yake atanyang'anywa mali hiyo igawiwe wasio nacho, na nyumba yake itakuwa ya Ofisi iliyomgundua. Mkurugenzi Mkuu aliwahi kupita mbele ya nyumba ya Bi Waginah. Ilikuwa na baraza pana, inayopigwa na upepo kutoka pande mbili. Fundi Sarjiman aliijenga kwa mikono yake kwa miaka kumi na minne. Ofisi Kuu, ijapokuwa na ghorofa nne, haikuwa na upepo.

Saa kumi na moja lori la Ofisi lilisimama Mtaa wa Miwa. Wanaume walikwisha kuketi kwenye majamvi, wamefunga vilemba na kuvaa kofia zao, wakingoja kuanza kusoma. Wali ulikuwa umeiva. Askari wanne walishuka na vibandiko na lakiri nyekundu.

"Ushahidi usiguswe," alitangaza Mkurugenzi Mkuu.

"Mheshimiwa," alisema Bi Waginah, "karibuni. Watu wale kwanza, halafu mchukue mnachotaka. Ni siku ya mume wangu."

"Mama, huu wali ni sehemu ya ushahidi."

"Ushahidi wa nini?"

"Wa kwamba sufuria zinafanya kazi."

Mifuniko ikafungwa kwa lakiri, sufuria moja baada ya nyingine, wali ukiwa ndani, na mchuzi, na kuku. Zikapakiwa. Wanaume walisoma khitima mbele ya majamvi matupu, wakaitika amina, wakaenda zao bila kula. Tangu meli ya babu zao itie nanga, jambo hilo lilikuwa halijatokea. Bi Waginah alikaa barazani, mikono mapajani. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwa Bi Tuminem, "Sarjiman ameondoka na njaa."

Eliakimu, aliyekuwa ameletwa na lori kuonyesha nyumba, alilisikia neno hilo.

*

Alhamisi aliomba kumwona Mkurugenzi Mkuu. Alingoja tangu saa mbili hadi saa saba.

"Mheshimiwa, pana kosa katika hesabu yangu. Nilihesabu siku ya shughuli. Na kule Stesheni, sufuria ni zilezile sita, zilikuwa zikinitangulia."

"Uliziona kwa macho yako?"

"Ndiyo."

"Katika kila nyumba?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba si kweli."

Mkurugenzi Mkuu alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyevaa shati ndani nje. "Eliakimu, Ofisi hii haina fomu ya makosa. Ilikuwapo. Tuliifuta mwaka juzi kwa sababu hakuna aliyewahi kuitumia." Akavuta kiti karibu. "Jumamosi ni hafla. Mgeni rasmi ni mimi, Waziri amepata udhuru. Sheria inataka karani aliyehesabu ale kiapo mbele ya mashahidi. Atasema, 'Naahidi mbele ya mashahidi kwamba hesabu hii ni ya kweli na nitaisimamia.' Maneno kumi na mawili, hayafiki dakika. Bila maneno hayo ufunguo wa nyumba haupokelewi. Ukishayasema, wewe ni Karani Mwandamizi. Utapewa kiti chenye mikono."

"Na nisipoyasema?"

"Kwa nini usiyaseme? Si ni wino wako?"

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ulikuwa wino wake kweli. Ijumaa jioni mkewe, Yusta, alimkuta amepiga magoti ubavuni mwa kitanda kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Unaomba nini hivyo, baba?"

"Naomba Mungu anionyeshe la kufanya."

"Hujui la kufanya?"

Eliakimu alifikiri. "Najua."

"Basi inuka, usimchoshe Mungu. Muombe nguvu za kulifanya, ukalale."

*

Jumamosi, uwanja ulijaa. Wanafunzi walipangwa kwa urefu. Bendi ya polisi ilipiga wimbo wa taifa, kisha ikaupiga tena kwa kuwa Mkurugenzi Mkuu alichelewa. Sufuria mia moja themanini na saba zilipangwa kwenye nyasi mbele ya jukwaa, lakiri zao zikimetameta. Zilikuwa zimekaa juani siku tatu. Watu wa safu ya mbele, ambao ni waheshimiwa, walikuwa na leso puani. Wa safu ya nyuma, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, walifurahia nafasi zao.

Mkurugenzi Mkuu alihutubu saa moja na nusu. Alieleza tofauti za kimaendeleo baina ya jamii mbili. Alisema siri ya wazao wa Waingereza ni sebule. Alisema wazao wa Waindonesia wameponzwa na kukaa chini kwenye majamvi, kwani mtu aliyekaa chini hawezi kuona mbali. Kisha akalisoma hitimisho, nafasi zikiwa zimejazwa kwa kalamu. Watu wakapiga makofi pale walipoelekezwa.

Mzee Herbati aliitwa kupokea nishani ya Jamii Iliyofanikiwa. Alipanda jukwaani na tai yake. Koti lilikuwa na kiraka ndani ya kwapa, kinaonekana kila alipoinua mkono.

"Waeleze wananchi," alisema Mkurugenzi Mkuu, akimsogezea kipaza sauti, "siri ya mafanikio yenu."

Mzee aliinyoosha tai yake. Chini, Bi Mildredi alisema kwa sauti ya kusikika, "Herbati, sema kweli. Tangu Jumatano hatujala."

Mzee aliitazama nishani, akaitazama ile bahari ya sufuria ambazo kila wiki zilimlisha.

"Hali ya hewa nzuri leo," alisema, akashuka. Alipita mbele ya Bi Waginah akikwepa macho yake.

Ikafuata zamu ya wasio nacho. Jina la kwanza lilikuwa la Bi Tuminem. Askari alimkabidhi sufuria. Aliigeuza, akaitazama kitako.

"Hii ni yangu."

"Sasa ni yako," alisema Mkurugenzi Mkuu, akigeukia mpiga picha.

"Ilikuwa yangu. Hapa ndipo niliunguza maharage siku mkwe wangu alipokuja."

"Mama, toa shukrani."

"Nitoe shukrani kwa sufuria yangu?"

"Kwa Ofisi."

Bi Tuminem alibandua lakiri, akafunua. Harufu iliyotoka iliwafanya waheshimiwa wote wa safu ya mbele wainuke kwa pamoja, na bendi, ikidhani ni ishara, ikapiga wimbo wa taifa. Walilazimika kusimama wima hadi ubeti wa mwisho.

"Ahsante Ofisi," alisema Bi Tuminem wimbo ulipokwisha. "Mmenirudishia na zaidi. Niliwapa wali, mnanipa funza."

Watu wakacheka, walimu wakawafumba wanafunzi midomo. Nyumba nyingine thelathini na tisa zilipokea haraka haraka, bila hotuba. Bi Waginah naye alirudishiwa sufuria moja kama kianzio, maana sasa alikuwa maskini. Halafu aliitwa mbele na ufunguo.

Alikuja polepole. Ufunguo ulifungwa kwenye ncha ya kanga, akalifungua fundo kwa meno kama mtu anayefungua hela ya mboga. Akaushika kiganjani, hakuutoa.

"Mheshimiwa, nyumba mtaichukua, mna askari. Mimi naomba moja. Mniache nimpikie mume wangu ndani yake mara moja, watu wale, nimalize. Halafu niondoke."

"Utapikia nini, mama?" alisema Mkurugenzi Mkuu kwa wema mkubwa. "Una sufuria moja. Zaidi ya moja utakuwa umelimbikiza tena. Na ninyi wananchi mliogawiwa leo, sikilizeni. Ni marufuku sufuria ya Ofisi kutoka kwenye nyumba iliyogawiwa. Itakayokutwa kwa mwingine, mwenyewe atajibu." Akageuka. "Karani aliyehesabu, njoo ule kiapo."

Eliakimu alipanda. Kipaza sauti kilikuwa kifupi, akainama. Aliona wakuu wa idara wakifungua kalamu tayari kutia saini kama mashahidi. Aliona kiti chenye mikono, kilicholetwa kabisa na kuwekwa pembeni, nailoni yake haijatolewa. Akafumba macho, akakaa hivyo mpaka mtu mmoja akakohoa.

"Sema," alinong'ona Mkurugenzi Mkuu. "Naahidi."

"Naahidi," alisema Eliakimu.

"Mbele ya mashahidi."

"Mbele ya mashahidi."

"Kwamba hesabu hii."

Eliakimu alifumbua macho. "Hesabu hii ni ya uongo," alisema, "na mwenye uongo ni mimi, niliuandika nikiujua."

Mkurugenzi Mkuu aliudaka mkono wa kipaza sauti, lakini kilikuwa kimefungwa kwa misumari kwa ajili ya hotuba yake mwenyewe. Eliakimu alimtafuta kwa macho yule mwanamke mwembamba aliyesimama na ufunguo kiganjani.

"Mama Waginah," alisema, "sisi nyumbani tuna sufuria moja, mimi na mke wangu. Haikugawiwa na Ofisi, tulipewa siku ya harusi. Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yako, na mbele ya watu hawa wote, kwamba kesho, tukishasali, nitaibeba kichwani mchana kweupe, nipite nayo mbele ya Ofisi, niilete kwako, na Yusta atakuja na mwiko wake. Tutapika humo mara mia moja themanini na saba, kama itabidi, mpaka kila mtu ashibe. Na atakayekuja kuhesabu, mwambieni aanze na mimi."